Mtani Aliyewatoa Wageni Chumbani

Mwanangu, kuna alasiri moja siisahau. Nipo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu, na watu wamejaa humo hata mlango haufungiki. Ni miaka ile ya hamsini, mimi binti bado sijaolewa. Usinitazame hivyo. Haya magoti yanayolia nikiinuka hayakuanza hivi, na mimi sikuzaliwa bibi.

Nakusimulia wewe kwa sababu una mgonjwa ndani, na kinachomtesa mgonjwa wako ni pumzi. Homa mtu ataivumilia akijua kesho itashuka. Lakini mtu anayetafuta hewa haifikirii kesho, anaifikiria pumzi hii tu inayofuata, kama itakuja au haiji. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, kwa mtu niliyempenda kuliko wote.

Baba yangu, Mzee Kibwana, alikuwa fundi wa magodoro. Mzaramo wa Kisarawe, aliingia mjini kijana, akajifunza kushona magodoro ya sufi, akawa anashonea nusu ya Kariakoo. Maharusi wa mtaa wetu wote walilalia kazi ya mkono wake, na yeye mwenyewe alikuwa akilitaja hilo mbele za watu mpaka sisi wanawe tunaona haya. Sasa ile sufi ukiichambua inaruka, inaingia puani, inaingia kooni. Miaka nenda miaka rudi alikohoa, tukasema ni vumbi, litapita. Halikupita. Kikafika kipindi akitoka chumbani kwenda uani kuoga anasimama katikati ya korido, kashika ukuta, mabega juu, kama mtu aliyepanda mlima. Hospitali wakampima, wakasema kifua kimechakaa na moyo umechoka kukibeba, na hakuna dawa ya kuvirudisha vikawa vipya.

Palikuwa na nesi mmoja pale, dada wa Kichaga, mpole wa sauti lakini macho makali. Siku tunaruhusiwa alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mdogo wangu, kumponya hatuwezi. Kumpunguzia kuhangaika tunaweza, na sehemu kubwa utaifanya wewe." Akanieleza kwamba pumzi ikimbana nisimlaze chali. Nimkalishe, ainame mbele kidogo, mikono ipumzike juu ya mito. Dirisha liwe wazi, moshi usimkaribie, watu wawe wachache. Nimpepee usoni, upepo upite mashavuni na puani, mwili utatulia hata kama kifua ni kile kile. Akanipa na chupa ya dawa, kijiko kidogo asubuhi na jioni, ya kutuliza ile kiu ya hewa.

Niliyashika yote. Akili nilikuwa nayo, usicheze. Shida haikuwa kujua, mwanangu. Shida ilikuwa shangazi yangu.

Shangazi Tatu, dada mkubwa wa baba, alihamia kwetu siku ile ile na kapu lake la ubani. Mama yangu alikwisha tangulia mbele ya haki, basi nyumba ikawa ya shangazi. Alimpenda kaka yake, hilo lisikupite. Alimpenda mpaka anamkaba. Dirisha akalifunga, upepo wa Jangwani usimwingie kifuani na macho ya wapita njia yasimfikie. Chetezo akakiweka kando ya kitanda, udi na ubani mchana kutwa, kufukuza mabaya. Dawa ya hospitali akaifungia sandukuni, ati inalevya, itammaliza. Nami nikianza tu kusema, "Shangazi, nesi alisema," ananikata: "Nesi kamjua lini? Mimi nimembeba mgongoni!" Utamjibu nini mtu kama huyo? Aliyekubeba baba yako ni kama kakubeba na wewe.

Halafu wageni. Hapa kwetu mtu akiugua, watu huja. Ndiyo uzuri wetu, wala mimi siuondoi. Asiyefika kwenye ugonjwa husemwa mpaka anatamani kuhama mtaa. Basi walikuja wa Kisarawe, wakaja wa Gerezani, wakaja wa sokoni, wakaja na wale maharusi wa zamani na watoto wao mgongoni. Na mgeni wa mgonjwa haridhiki kukaa uani. Aingie ndani aonekane, amshike mkono, amuulize, "Wajionaje, mzee?" Na baba, mtu wa adabu zake, anaanza kuitafuta pumzi ya kumjibu. Hajamaliza na huyu, anaingia mwingine na swali lile lile. Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno, na ni kweli. Lakini hewa inaharibika.

Alasiri ninayokwambia ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tangu asubuhi baba alikuwa na kikohozi kizito, na shangazi akaamua kwamba saa imefika. Wakamwondolea mito, wakamlaza chali, wakamwelekeza kibla. Mwalimu wa madrasa akaitwa, akaanza Yasini kwa sauti yake nzuri. Wanawake wakawa wanajifuta machozi kwa ncha za kanga. Na baba yangu, mwanangu, hakuwa anakufa. Alikuwa anazama. Anazama juu ya kitanda kikavu, katikati ya watu wanaompenda. Macho yanazunguka, kifua kinaruka kama cha kuku aliyekamatwa, jasho linamtiririka, na mkono wake umenishika hapa, juu kidogo ya kiganja, mpaka kucha zikaingia. Akanivuta. Akasema kwa vipande, "Mwaju, niinue."

Nikasema, "Shangazi, anataka kuinuliwa."

Akaniambia, "Ni sakarati ya mauti hiyo, mwanangu. Mwache, mtajie Mungu tu."

Nikatazama chumba kizima. Wazee watupu, shikamoo kila pembe. Binti atawaambiaje wazee wote wale watoke? Atamwambiaje mwalimu akatishe Yasini? Nami kifo cha baba sikukiogopa, hicho nilikwisha kukililia kule hospitali nikamaliza. Nilichoogopa ni afe vile, anahangaika, anatuomba kitu kidogo na sisi hatumpi.

Ndipo tukasikia mtu anapiga kelele barazani, anauliza mbona viatu vimejaa kama mlango wa msikiti. Nikaijua sauti. Alikuwa Mzee Maganga.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana nyie wa siku hizi mnadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kukwambia lolote, akachukua chako, akakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Na penye msiba, mtani ndiye mwenye amri. Kaburi atachimba yeye, wafiwa atawacheka yeye, mpaka na wenyewe wacheke. Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, muuza asali pale sokoni, na baba na yeye walikuwa wametukanana kila siku ya Mungu tangu ujana wao, yeye akimwita baba mtumwa, baba akimwita mpagazi, kwa vile Wanyamwezi ndio waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara ya zamani. Alikuwa kaenda kwao kufuata asali, habari za ugonjwa hana. Kashuka treni, kafika sokoni, wakamwambia mtani wako yuko taabani. Hata vumbi hakujifuta.

Akasimama mlangoni, akatutazama, akapiga yowe: "Lahaula! Nani kawapa ruhusa ya kumzika mtumwa wangu bila kuniambia?"

Yasini ikakatika. Shangazi akasema, "Maganga, tafadhali, huu si wakati wa utani. Mtu yuko katika hali."

"Ndio wakati wenyewe! Kaburi la huyu Mzaramo nachimba mimi, na jembe sijanoa. Mmemlaza kama maiti, mnamfukiza kama samaki, mmemzibia dirisha kama mwizi. Mna haraka gani? Mnataka nichimbe leo leo, na uchovu wa treni?"

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Wa pili akafuata. Unajua kicheko cha mahali pasipofaa, ukikizuia mdomoni kinatokea puani. Na Maganga hakungoja. Alikuwa keshakinyanyua chetezo na moto wake, kakipeleka uani, karudi. Akaliendea dirisha. Mbao zilikuwa zimevimba kwa kufungwa muda mrefu, akazitwanga ngumi zikaachia. Hewa ikaingia, mwanangu, hewa ya mtaani na harufu zake zote, na mimi nikaiona tamu.

Kisha akanigeukia mimi, na kwa hili namwombea mpaka leo. Akasema, "Wewe mtoto ndiye uliyekaa naye hospitali. Walisemaje huko? Sema kwa sauti. Mwenye shughuli hii ni mimi, na mimi nataka kusikia."

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema akalishwe, asilazwe. Maganga akageuka kwa watu, "Mmesikia? Mtumwa wangu akae!" Akamkumbatia baba kwapani, akamnyanyua, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Nikasema ainame mbele, mikono juu ya mito. "Mito! Nyumba ya fundi magodoro nayo inakosa mito?" Ikaletwa, ikapangwa juu ya kimeza mbele yake, baba akaiegemea kwa viwiko. Nikasema watu wapungue. Hapo nikamtazama shangazi. Lakini Maganga alikwisha anza kuwatoa, kila mtu na neno lake la kumfaa. "Wewe kifua kipana unavuta hewa ya watu wawili, nje. Wewe umekuja kuchagua godoro la kurithi, nje. Na wewe, mama, machozi hayo kayamwagie mchicha uani, una kiu." Wakatoka wanacheka, wanasukumana mlangoni, wala hakuna aliyeondoka na kinyongo. Ningesema mimi maneno yale, ningelaaniwa.

Kwa mwalimu alishusha sauti. "Mwalimu, kwako sina utani. Nakuomba tu, tusomee barazani." Na mwalimu, Mungu amrehemu, akainuka taratibu akasema, "Kweli. Dua haizuiwi na ukuta." Akaenda kukaa barazani chini ya dirisha, akaendelea kwa sauti ya chini, na Yasini ile ikawa inatuingilia humo pamoja na upepo.

Akabaki shangazi. Alikuwa amesimama kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Maganga akamwambia, bila kelele sasa, "Dada Tatu, wewe kaa. Shika hiki umpepee." Akampa kile kipepeo cha ukindu tulichokuwa tukichochelea mkaa jikoni. Mwanzo shangazi alipepea kwa hasira, utadhani ana nyama motoni. Nikamwambia, taratibu shangazi, mashavuni na puani. Akapunguza. Mimi nikamfungua baba kifungo cha kanzu, nikachovya kitambaa katika maji ya mtungini, nikawa namfuta uso na shingo.

Maganga akachuchumaa mbele yake, wakatazamana. "Nitazame mimi, usitazame dari. Bana midomo, toa pumzi kama unapoza uji wa moto. Polepole. Usihangaike kuvuta, wewe toa, ya kuvuta itakuja yenyewe." Hilo la uji lilikuwa lake, alilitoa kwa mama yake mzazi aliyeishi na pumu. Wakawa wanapuliza pamoja, wazee wawili na mvi zao, wanapoza uji usiokuwepo.

Nisikudanganye, haikuwa kama kuwasha taa. Tulikaa. Mabega ndiyo yalianza kushuka. Baadaye nikahisi kile kiganja kilichoniganda kinalegea kidole kwa kidole. Kifua bado kinakwenda mbio, lakini hakiruki tena. Macho yakaacha kuzunguka, yakatua kwa Maganga. Ndipo baba akafumbua mdomo, akasema kwa sauti nyembamba, "Mpagazi, punguza kelele. Unanimalizia hewa."

Wewe! Tulicheka. Wa barazani walisikia wakacheka, shangazi akacheka huku machozi yanamtoka, kipepeo kikamponyoka. Mimi nikakaa sakafuni pale pale nikalia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Nilipoinua uso nikamkuta shangazi anafungua sanduku. Akatoa ile chupa ya hospitali, akaipangusa na kanga, akaniuliza bila kunitazama, "Kijiko chenyewe ni kipi?"

Baba hakupona. Nesi alikwisha niambia, na nesi hakusema uongo. Lakini aliishi, mvua za vuli zikaja zikaisha yupo. Dawa ilimtuliza wala haikummaliza. Tulimtafutia kiti cha mikono, akawa anakaa dirishani jioni kutazama watu wanaopita kwenda mikutanoni Mnazi Mmoja, na anawakosoa mavazi kwa kidole, maana maneno tulimwekea akiba. Maganga alihamishia biashara yake ya asali kwenye baraza letu. Mgeni akifika anapewa kiti na kahawa, na Maganga anamwambia, "Hali yake niulize mimi. Yeye kazi yake ni kupumua." Wakaingia mmoja mmoja, kidogo, wakatoka. Na hakuna aliyesema tumekosa adabu.

Siku za kubanwa ziliendelea kuwepo. Ila sasa alijua nini kitafuata: tutamkalisha, dirisha litafunguliwa, shangazi atapepea, mtu mmoja atamshika mkono na hatamkimbia. Hofu ilipopungua, na pumzi nayo ilipata nafasi. Akaondoka asubuhi moja kwenye kiti chake, kamaliza uji wake, shangazi anampepea. Alivuta moja, akakaa, akavuta nyingine ndogo, tukangoja nyingine haikuja. Hakuhangaika. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikisujudu.

Msibani watani wakaja, Maganga mbele yao. Sasa jua kwamba watani wana desturi ya kumwigiza marehemu. Alikuwa mchoyo, watamwigiza anaficha kitoweo. Alikuwa na kigugumizi, watagugumia mpaka jioni. Nikamwona Maganga anajifunga kikoi kama baba alivyokuwa akijifunga, anaomba aletewe kiti. Nikasema basi, ataigiza ile pumzi. Ataileta tena ile alasiri mbele ya watu wote, nami sitaweza kuiona mara ya pili. Nikainuka niingie ndani, shangazi akanivuta nguo nikae.

Maganga akaketi. Akakumbatia mto, akaegemea mbele, akafumba macho. Akaanza kukoroma. Mkoromo wa baba hasa, wenye filimbi mwishoni. Kisha akafungua jicho moja, akasema kwa ukali, "Sijalala, nawaza!" akakoroma tena. Ndivyo alivyokuwa akitujibu baba kila tukimkuta kasinzia kwenye kile kiti. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka na kanga mdomoni mpaka mbavu zikauma. Watu walimsindikiza baba yangu makaburini wakimkumbuka mtu aliyelala vizuri.

Basi mwanangu, shika maneno yangu. Hospitali ndiyo kwanza, na siku hizi kuna wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeponyeka, watakuja mpaka nyumbani, wasikilize, wala dawa yao usiifungie sandukuni. Mgonjwa wako pumzi ikimbana, mkalishe, mwegemeze, fungua dirisha, mpe upepo usoni, hata feni ndogo inatosha. Usimwulize maswali ya kumlazimisha aseme. Akae na mtu mmoja asiye na haraka. Wageni wapokee kwa mikono miwili, uwakirimu barazani, na ukiona ulimi wako ni mdogo kwa wakubwa waliojaa ndani, usikae ukalia pembeni. Mtafute mwenye kinywa kikubwa kuliko chako, mtani, mjomba, jirani, umwambie waziwazi mgonjwa anahitaji nini, akusemee. Heshima si utumwa, na hakuna mzee wa kweli atakayenuna kwa kuambiwa ampishe mwenzake apumue.

Nenda sasa, umemwacha peke yake muda mrefu. Mungu akupe mikono myepesi na moyo usiochoka. Amjalie mgonjwa wako usingizi, amwondolee hofu kabla hajamwondolea uhai. Nawe siku yako ikifika, mwanangu, ikukute umekaa vizuri, dirisha liko wazi, na mtu anayekupenda yuko karibu anakupepea. Amina.